Kuua, Kuzuia na Kuponya: Istilahi za Majani ya Mwarobaini

Mwarobaini si mgeni kwa wasomaji wetu. Mti huu, ambao asili yake ni Bara Hindi na ambao wataalamu wa mimea huuita *Azadirachta indica*, umezoeleka kwetu hata ukapewa jina kwa sifa ya kutibu maradhi 40. Siku hizi majani yake huchunguzwa katika maabara, na taarifa za uchunguzi huo humfikia mfasiri zikidai istilahi. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno machache ambayo, yakichanganywa, huweza kumdhuru mgonjwa.

Tuanze na bakteria. Mchunguzi hueneza bakteria, kwa mfano *Staphylococcus aureus*, juu ya chakula chao kilichogandishwa katika sahani ndogo, kisha huweka hapo kipande cha karatasi kilicholowekwa katika maji ya dawa yaliyotolewa majanini. Kesho yake huenda pakaonekana duara tupu kuizunguka karatasi, na upana wake hupimwa kwa milimita. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba majani yameua bakteria. Lakini duara hilo laonyesha tu kwamba bakteria hawakuongezeka mahali hapo. Ili kujua kama wamekufa, hapana budi wahamishiwe katika chakula kipya kisicho na dawa. Wakizaana tena, ni dhahiri kwamba walikuwa wamezuiwa tu.

Kwa hiyo twapendekeza kizuiabakteria kwa kitu kinachozuia bakteria wasiongezeke, na kiuabakteria kwa kile kinachowaua. Pale ambapo taarifa haikubainisha, yatosha kusema kwamba majani yana nguvu dhidi ya bakteria.

Neno la pili lina utata zaidi. Chuma kikikutana na oksijeni na maji hushika kutu. Parachichi lililokatwa na kuachwa wazi hugeuka rangi. Mabadiliko ya jinsi hii huitwa uoksidishaji. Mwilini nako zimo radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huzinyang'anya molekuli jirani elektroni na kuziharibu. Baadhi ya kemikali zilizomo katika majani ya mwarobaini, mathalani kwasetini, huweza kutoa elektroni na kuukomesha unyang'anyi huo. Kemikali ya namna hii ndiyo tunayoiita kizuiaoksidishaji.

Aghalabu hukutana na neno "kiondoa sumu" likitumiwa kwa maana hiyo. Hatuliungi mkono. Msomaji wa kawaida akiona "sumu" hufikiri habari za nyoka au za chakula kilichoharibika, naye aweza kuamini kwamba majani yatamwokoa aliyepatwa na mambo hayo. Tena radikali huru si adui siku zote, kwa kuwa chembe nyeupe za damu hutumia baadhi yake kuulia bakteria.

Liko jambo la tatu. Wengi hunywa maji ya mwarobaini wapatwapo na homa. Malaria husababishwa na vimelea vya *Plasmodium*, ambavyo si bakteria hata kidogo; basi taarifa ihusuyo bakteria haithibitishi lolote juu ya malaria. Mfasiri akiviita vyote "vijidudu", mama aweza kuchemsha majani na kumchelewesha mtoto kufika zahanati. Isitoshe, yatokeayo katika sahani si lazima yatokee mwilini. Kwa sababu hiyo kitenzi "kuponya" kitumiwe pale tu ambapo dawa imejaribiwa kwa wagonjwa na ikathibitika kuwaponya.

Tunawasihi wafasiri na walimu wajiulize kabla ya kuandika: je, bakteria waliuawa, au walizuiwa? Na je, yuko mgonjwa aliyepona? Maswali hayo hayahitaji maabara. Yahitaji kuisoma taarifa hadi mwisho.