Mnara Uliotoka Kwenye Tasnifu

Anayepita barabara ya Michigan Avenue mjini Chicago hahitaji kuelekezwa lilipo jengo la John Hancock Center. Ni lile jeusi, pana chini na jembamba juu, lenye alama kubwa za X zilizopandana kutoka karibu na barabara hadi jirani na kilele. Lina ghorofa 100 na kimo cha mita 344. Tangu 2018 jina lake rasmi ni anwani yake tu, 875 North Michigan Avenue, ila wenyeji wengi wameng'ang'ania lile la zamani. Wapiga picha huzipenda zile X kama pambo. Kumbe ndizo zinazolishika jengo lisishindwe na upepo, na kabla hazijafika kwenye michoro ya kampuni iliyolisanifu, zilikuwa kazi ya mwanafunzi.

Mwaka 1964, Mikio Sasaki, mwanafunzi kutoka Japani, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili katika chuo cha teknolojia cha Illinois, kinachojulikana kwa kifupi kama IIT. Alichunguza itakuwaje ikiwa vyuma vya mshazari vitatolewa nje na kukatisha uso mzima wa jengo, badala ya kufichwa katikati pamoja na lifti na ngazi. Wasimamizi wake walikuwa Myron Goldsmith, msanifu majengo, na Fazlur Khan, mhandisi aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929 na kufika Marekani mwaka 1952 kwa ufadhili wa masomo. Wote wawili walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill na papo hapo walimu wa IIT, hivyo swali la darasani halikuwa na safari ndefu kufika ofisini. Muda si mrefu Khan na msanifu Bruce Graham walikuwa wanalijengea swali hilo jibu la chuma, orofa mia moja.

Goldsmith naye aliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Tasnifu yake ya 1953, iliyoandikwa IIT chini ya Ludwig Mies van der Rohe, ilihusu jambo ambalo wanafunzi wengi wa usanifu hulipitia juu juu: ukubwa wenyewe. Galileo alikwisha kulieleza mwaka 1638 kwa mchoro wa mifupa miwili. Mnyama akirefushwa mara tatu, mfupa wake hauwezi kubaki na umbo lilelile. Sharti unenepe kupita kiasi, la sivyo utavunjika kwa uzito wa mwili. Majengo nayo ni hivyo hivyo. Muundo unaofaa kwa ghorofa 10 haufai kwa 40 kwa kuurudufisha tu, na ule wa ghorofa 40 ukiulazimisha ufike 100 utajengeka, lakini kwa bei ya kutisha.

Bei hiyo inatokana na upepo kuliko uzito. Uzito wa jengo huongezeka kwa mwendo wa kawaida kadiri ghorofa zinavyoongezwa. Upepo hauna adabu hiyo. Chukua mnara unaosukumwa sawasawa toka chini hadi juu, kisha uongeze kimo chake maradufu bila kuupanua. Nguvu inayotaka kuung'oa kwenye msingi itakuwa mara 4, na kuyumba kwa kilele kutakuwa mara 16. Nako juu, upepo halisi ni mkali kuliko chini. Ndiyo maana katika minara ya mtindo wa zamani, iliyofumwa kwa nguzo na mihimili kila upande hadi ndani, sehemu kubwa ya chuma cha ziada haibebi watu wala samani. Hupambana na upepo tu. Khan aliutazama mzigo huo kama ushuru ambao mjenzi hulipia kimo, akaifanya kazi ya maisha yake kuupunguza.

Njia yake ilikuwa kuuhamishia ukakamavu pembeni. Nguzo zikikusanywa kwenye kuta za nje na kufungamanishwa, jengo zima hugeuka bomba moja lililosimama wima, nalo hustahimili upepo kama mwanzi: tupu ndani, gumu nje. Mshazari wa Sasaki uliongeza jambo moja muhimu. Unapokatisha uso wa jengo, hugawa mzigo baina ya nguzo zote za upande huo, kila moja ikabeba sehemu yake, na upepo ukapokelewa kwa vyuma vinavyovutwa au kukandamizwa moja kwa moja badala ya kupindwa. Kwa kawaida chuma huchoka mapema kwa kupindwa kuliko kwa kuvutwa.

Matokeo yalipimika kwa mizani. Empire State Building ya New York, iliyokamilika 1931, ilitumia takriban kilo 206 za chuma kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Jengo la benki ya Chase Manhattan, la mwaka 1961 na lenye ghorofa 60 tu, lilikula kilo 275. Hancock, yenye ghorofa 100, ilitosheka na kilo 145.

Hapo neno uendelevu lilikuwa bado halijaingia kwenye mitaala, na waliolipia jengo lile walikuwa wanaokoa fedha, si anga. Lakini hesabu haijali nia. Kufua tani moja ya chuma leo hutoa, kwa wastani wa dunia, takriban tani 2 za hewa ukaa. Tofauti ya kilo 130 kati ya Chase Manhattan na Hancock ni sawa na kilo 260 hivi za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba, ambazo hazikutoka kabla hata mpangaji wa kwanza hajawasha taa. Wasanifu wa sasa huuita mzigo huo kaboni iliyofumbatwa ndani ya jengo. Paneli za jua haziufuti baadaye kirahisi.

Umbo la jengo hilo pia lina sababu yake. Mpango wa awali ulikuwa minara miwili, mmoja wa makazi na mwingine wa ofisi, ambayo ingebanana kwenye kiwanja na kuchunguliana madirishani. Wasanifu wakaamua kupandanisha: maduka na maegesho chini, ofisi katikati, nyumba 700 hivi juu, bwawa la kuogelea ghorofa ya 44. Ofisi huhitaji sakafu pana, na katikati ya sakafu huvumilia kukaa mbali na dirisha. Nyumba haivumilii. Nani atanunua chumba kisichoona nje? Kwa hiyo jengo likisinyaa kadiri linavyopanda, ofisi hupata upana, nyumba hupata madirisha, na upepo hupata eneo dogo la kusukuma kule uliko na nguvu zaidi. Uamuzi mmoja, faida tatu. Yeyote anayechora mnara wa matumizi mchanganyiko na kuzirudia sakafu zilezile toka chini hadi juu angefaa aeleze kwa nini.

Likabaki suala la matumbo ya watu. Jengo linaweza kuwa salama kabisa na bado likawatapisha wakazi wake kwa kuyumba. Ili ajue binadamu huanza kuhisi mwendo wapi, Khan aliwapandisha watu kwenye jukwaa lenye kuzunguka katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago, jukwaa lililokuwapo kwa ajili ya maonyesho ya mashine za kufulia, akawauliza wanasikia nini. Ni jaribio ambalo mwanafunzi yeyote asiye na fedha angelionea wivu.

Tasnifu za IIT ziliendelea kuzaa. Mwanafunzi mwingine alijaribu wazo lilelile kwa zege: badala ya vyuma, baadhi ya madirisha huzibwa kwa zege, moja baada ya jingine kwa mshazari, mpaka X ijitokeze yenyewe. Mbinu hiyo inaonekana kwenye Onterie Center ya Chicago, jengo la makazi, ofisi na maduka lililokamilika 1986, miaka minne baada ya Khan kufariki mjini Jeddah.

Si kila hesabu ya darasani iliyopanda namna hiyo. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Profesa Dickson Despommier, bingwa wa vimelea vya magonjwa, alifundisha kozi iliyowatuma wanafunzi wapime mapaa yote ya Manhattan yanayoweza kulimwa. Wakapima, wakajumlisha. Mapaa yale yangelisha asilimia 2 tu ya wakazi. Despommier akawauliza: kwa nini tuishie paani, tusiingize mashamba ndani ya jengo, ghorofa juu ya ghorofa? Madarasa yaliyofuata yakachora mnara wa ghorofa 30 wa kulisha watu 50,000, na kufikia kitabu chake cha 2010 wazo la shamba la wima lilikuwa limezunguka dunia.

Kilichochelewa kuhesabiwa vizuri ni mwanga. Shamba la paani hupewa jua bure. La ghorofa ya 12 hununua kila mwali kwa umeme, na mmea hugeuza sehemu ndogo sana ya mwanga huo kuwa chakula. Kwa saladi na majani ya viungo, yanayokua upesi na kuuzwa ghali, hesabu inaweza kukubali. Kwa ngano au mahindi inakataa katakata. Kampuni ya Bowery Farming ya New York, mojawapo ya zilizovuta mtaji mkubwa zaidi kwenye biashara hiyo, ilifunga shughuli zake mwaka 2024. Kwa kutazama nyuma, ile asilimia 2 iliyowavunja moyo wanafunzi huenda ilikuwa tokeo la thamani kuliko michoro yote iliyofuata.

Miti kwenye vibaraza nayo imo kwenye kundi hilo la mawazo ambayo gharama yake huchelewa kuhesabiwa. Bosco Verticale ya Milan, minara miwili iliyokamilika 2014 ikiwa na miti 800 hivi, imewafanya wanafunzi kote duniani wapake kijani kila ukingo wa jengo. Udongo uliolowa una uzito wa karibu tani 2 kwa mita ya ujazo. Uzito huo lazima ubebwe na zege nene, na saruji peke yake tayari inachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu.

Macho sasa yamegeukia mbao: si nguzo za mikaratusi, bali vipande vilivyogundishwa tabaka kwa tabaka hadi kuwa mihimili na kuta nzima. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliitoa hewani. Mnara wa Mjøstårnet, katika mji mdogo wa Brumunddal nchini Norway, ulikamilika 2019 ukiwa na mita 85.4 na ghorofa 18 za ofisi, hoteli na makazi. Ascent ya Milwaukee, Marekani, iliupita kidogo mwaka 2022 kwa mita 86.6, ingawa ghorofa zake za chini ni za zege. Mbao zina kasoro ambayo Khan angeitambua mara moja: ni nyepesi mno. Mnara mwepesi husukumwasukumwa na upepo kwa urahisi, ndiyo maana ghorofa za juu za Mjøstårnet zikawekewa sakafu za zege. Zege hapo haikuwekwa kwa nguvu zake, bali kwa uzito wake.

Zanzibar nayo imo kwenye mashindano haya. Mwaka 2022 ilitangazwa michoro ya Burj Zanzibar, mnara wa mita 96 na ghorofa 28 utakaosimama Fumba, kusini mwa mji, ukiwa na nyumba 266 pamoja na sehemu za biashara. Msanifu wake ni Leander Moons, na muundo ni wa mseto: mbao zikizunguka kiini cha zege yenye nondo, kwa ajili ya usalama wakati wa moto.

Mradi kama huo ni zoezi tamu kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Nairobi, mradi tu wasinakili majibu ya mahali pengine. Eastgate ya Harare, jengo la maduka na ofisi lililosanifiwa na Mick Pearce na kukamilika 1996, hujipoza kwa hewa ya usiku inayopita ndani ya zege, wazo lililochochewa na vichuguu vya mchwa. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake una ubaridi. Usiku wa Februari pale Fumba hauna ubaridi wa kuazima. Pwani, mwili hupozwa na upepo unaopita na kivuli, kwa hiyo jengo jembamba lenye madirisha pande mbili hushinda jengo nene lenye mashine. Tena karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi uso kwa uso. Pande ndefu za mnara zikielekea kaskazini na kusini, mapambano yamepungua kabla hayajaanza.

Jaribio dogo la karatasi linaonyesha uzito wa jambo hilo la kupoza jengo. Chukulia kila nyumba kati ya hizo 266 ina watu wanne, kila mtu lita 100 za maji kwa siku. Ni mita za ujazo 106. Kuzipandisha kwa wastani wa nusu ya kimo cha jengo, kwa pampu ya kawaida, kunagharimu uniti 21 hivi za umeme kwa siku nzima, kinyume na dhana ya wengi kwamba maji ndiyo yanayomaliza umeme ghorofani. Kiyoyozi kimoja cha kilowati 1 kikiwashwa kwa muda wa saa nane za usiku hutumia uniti 8. Kila nyumba ikiwasha kimoja tu, mnara unameza uniti zaidi ya 2,100, mara mia moja ya maji. Sasa lijaze paa la mita za mraba 1,000 paneli za jua tupu, bila tangi wala bustani. Kwa jua la pwani zitaleta kama uniti 1,000 kwa siku. Hazifiki nusu ya mahitaji ya viyoyozi, na lifti bado hazijahesabiwa.