Kikomo cha Njia: Kinga ya Mtandao wa Hospitali Dhidi ya Kuzidiwa

Katika hospitali nyingi za leo, majibu ya maabara, picha za eksirei, maombi ya dawa na kumbukumbu za malipo havibebwi tena na tarishi. Husafiri katika mtandao wa kompyuta. Mtandao unapokatika, daktari hukosa majibu, mfamasia hukosa agizo la dawa, na mgonjwa husubiri. Sababu za kukatika ni nyingi: umeme, nyaya, virusi vya kompyuta. Ipo pia sababu isiyofahamika sana nje ya kitengo cha TEHAMA, nayo ni sehemu moja ya mtandao kuimiminia sehemu nyingine taarifa za njia pasipo kiasi. Makala haya yanaeleza hali hiyo hutokeaje, huzuiwaje, na kwa nini yamhusu mtu asiyewahi kuigusa ruta.

Ruta na itifaki zake

Ruta ni kifaa kinachopokea data na kuamua ipite wapi. Ili iweze kuamua, hutunza jedwali la njia, yaani orodha ya makundi ya anwani pamoja na mlango wa kutokea kuelekea kila kundi. Aghalabu jedwali hilo halijazwi kwa mkono. Ruta huambizana zenyewe. Kanuni za kuambizana huko ndizo zinazoitwa itifaki za uelekezaji.

Kila itifaki ina kipimo chake cha ubora wa njia. RIP, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1988, huhesabu idadi ya ruta zinazopitiwa na haikubali zaidi ya 15. Njia yenye hesabu ya 16 huchukuliwa kuwa haifikiki. OSPF hutumia gharama ya kila kiungo, na hufaa ndani ya taasisi kubwa. BGP huiunganisha taasisi na watoa huduma wa intaneti, nayo ndiyo inayoifunga pamoja intaneti ya dunia nzima.

Hospitali moja yaweza kuwa na itifaki zaidi ya moja kwa sababu za kawaida kabisa: jengo la zamani lingali linatumia RIP, jengo jipya limefungiwa OSPF, na mtoa huduma wa intaneti anatumia BGP. Ruta iliyo mpakani hufanya kazi ya mkalimani. Huchukua njia ilizojifunza kwa itifaki moja na kuzitangaza kwa itifaki nyingine. Kazi hiyo huitwa usambazaji upya wa njia. Pasipo kazi hiyo, kompyuta ya wodi katika jengo la zamani haiwezi kuifikia seva ya maabara katika jengo jipya. Kwa hiyo usambazaji upya wenyewe si kosa. Kosa ni kuuachia bila mipaka.

Hatari ya kwanza: wingi

Mtandao wa hospitali kubwa waweza kuwa na njia mia chache tu, lakini jedwali la intaneti ya dunia lina njia zaidi ya 900,000. Endapo amri moja katika ruta ya mpakani itaruhusu njia zote za BGP ziingie katika OSPF, kila ruta ya ndani italazimika kuhifadhi nakala ya taarifa hizo, hata ile ndogo inayohudumia kliniki ya wajawazito. Kumbukumbu ya ruta hujaa, nguvu za uchakataji huisha, na mawasiliano ya jirani kwa jirani hukatika.

Mifano ipo katika historia. Tarehe 25 Aprili 1997, ruta ya kampuni moja ya intaneti nchini Marekani iliutangazia ulimwengu maelfu ya njia za wengine kana kwamba ni zake, na sehemu kubwa ya intaneti ikavurugika kwa saa kadhaa. Tarehe 12 Agosti 2014, jedwali la dunia lilivuka njia 512,000, kiwango ambacho ruta nyingi za zamani hazikuweza kukizidi katika kumbukumbu zao, na huduma zikayumba mahali pengi. Tukio la pili halikutokana na uhalifu. Vifaa vilipokea tu zaidi ya vilivyoweza kubeba.

Hatari ya pili: njia kurudi ilikotoka

Hatari hii hujitokeza pale ruta mbili za mpakani zinapounganisha majengo yale yale mawili. Ruta ya kwanza huisikia kwa RIP njia ya kwenda duka la dawa katika jengo la zamani, kisha huitangaza kwa OSPF katika jengo jipya. Ruta ya pili huisikia njia hiyo hiyo kwa RIP na kwa OSPF. Katika ruta za Cisco, RIP ina daraja la 120 na OSPF daraja la 110, na daraja dogo ndilo linaloaminiwa. Kwa hiyo ruta ya pili huiacha njia fupi iliyo mbele yake, hufuata ile ya jengo jipya, kisha huirudisha taarifa hiyo katika jengo la zamani kana kwamba ni habari mpya.

Mafundi wa afya wataielewa kasoro hii kwa kufikiria barua ya rufaa iliyofutwa jina la kituo kilichoiandika. Njia inapovuka kutoka itifaki moja kwenda nyingine, kipimo chake cha awali hupotea, na hesabu huanza upya. Hata ule mpaka wa 15 wa RIP huwa hautoi tena kinga iliyokusudiwa. Data huweza kuzunguka katika kitanzi mpaka itupwe, na agizo la dawa lisimfikie mfamasia.

Kinga tatu

Kinga ya kwanza ni kichujio. Ruta ya mpakani hupewa orodha ya makundi ya anwani yanayoruhusiwa kuvuka, na yasiyo katika orodha hukataliwa. Mara nyingi ofisi za ndani hazihitaji kuijua intaneti njia kwa njia. Njia moja ya jumla inayoelekea kwa mtoa huduma hutosha.

Kinga ya pili ni lebo. Kila njia inayovuka mpaka hutiwa namba ya kuonyesha ilikotoka, na ruta ya upande wa pili huagizwa kuikataa njia yenye namba hiyo isirudi. Hapo barua ya rufaa huwa imerejeshewa jina la kituo.

Kinga ya tatu ni kikomo cha idadi. Chukulia kwamba njia halali zinazovuka ni 250. Mtaalamu huweka kikomo cha 400, na ruta hutoa onyo idadi ifikapo asilimia 75, yaani 300. Ikifika 400, ruta huacha kupokea njia mpya kutoka upande wa pili. Upo pia mpangilio wa kutoa onyo tu bila kuzuia, unaofaa wakati mtandao ungali unachunguzwa.

Kikomo nacho kina gharama yake. Ruta iliyofikia kikomo haipambanui njia ya lazima na njia ya ziada. Huenda ikakataa njia ya zahanati iliyounganishwa asubuhi hiyo na kuacha zile zilizoingia kimakosa. Kwa sababu hiyo kikomo hakichukui nafasi ya kichujio. Kichujio huchagua, na kikomo huzuia maafa pale kichujio kinapokosewa. Tena onyo lisilosomwa na mtu halina faida. Hapana budi limfikie mtaalamu wa zamu.

Mtandao unapolala

Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulilemaa kwa takriban siku 4, na wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Kasoro ile ilikuwa ya swichi, si ya usambazaji upya wa njia. Lakini kiini chake kinafanana, kwani mtandao ulikuwa umekua kupita mpaka ambao itifaki yake ilibuniwa kuuhimili.

Wafanyakazi wa afya wana nafasi yao katika kinga. Wanapofungua kitengo kipya au kuunganisha jengo, wakiarifu kitengo cha TEHAMA mapema ili orodha ya kichujio na kikomo virekebishwe. Kila wodi iwe na fomu za karatasi za maabara na za dawa, na wafanyakazi wajue nani hubeba majibu ya dharura kwa mkono. Mfumo ukipungua kasi ghafla, waandike saa na vyumba vilivyoathirika. Taarifa hiyo humsaidia fundi kujua tatizo lilianzia upande gani wa mpaka.

Mgonjwa naye atunze kadi yake ya kliniki, namba ya jalada, majina ya dawa anazotumia na za zile zinazomdhuru. Siku mtandao unapolala, karatasi hiyo moja huweza kumpa daktari kile ambacho kompyuta imeshindwa kukileta.