Mtoto Akivimba Taya, Huenda Si Jino

Mtoto akivimba taya, wengi hudhani ni jino. Hupewa dawa ya maumivu, pengine jino hung'olewa, na wiki mbili hupita. Ikiwa chanzo ni limfoma ya Burkitt, wiki mbili ni nyingi mno. Hii ni saratani ya seli za kinga ya mwili, na uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu.

Ugonjwa huu ni nadra, lakini huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo yaliyo kando ya Ziwa Victoria na Pwani. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka wa 1958, baada ya kuwaona watoto waliovimba taya katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Hauambukizwi kwa kumhudumia mgonjwa, wala hautokani na uchawi.

Kwa macho, uvimbe huo unaweza kufanana na jipu la jino, kifua kikuu cha tezi au saratani nyingine, na kila ugonjwa una tiba yake. Ndiyo sababu daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, mtoto akiwa amepigwa ganzi au amelazwa usingizi. Kipande hutiwa mara moja katika formalini ili kisioze, na chupa huandikwa jina la mgonjwa, tarehe na sehemu kilipotolewa. Kikikauka kinaharibika, na huenda mtoto akalazimika kukatwa tena.

Katika maabara, kipande hicho hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi. Kisha mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Seli za limfoma ya Burkitt huwa zimesongamana, zina rangi ya samawati iliyokoza na ukubwa unaokaribiana. Kati yake huwa na seli kubwa zilizofifia zinazomeza seli zilizokufa, mfano wa nyota katika anga ya usiku. Kwa kuwa saratani nyingine pia huweza kuwa na sura hiyo, vipimo zaidi hufanywa kutambua aina ya seli na kasi ya kugawanyika kwake. Katika Burkitt, karibu seli zote huwa zinagawanyika.

Jibu hilo ndilo huelekeza tiba. Ugonjwa huu hutibiwa hasa kwa kemotherapia, si kwa kuukata uvimbe wote. Watoto wengi hupona wakianza matibabu mapema na kuyamaliza.

Wazazi wanahimizwa kumpeleka mtoto hospitalini bila kungoja iwapo taya linavimba haraka, meno yanalegea bila kuoza, jicho linatokeza au tumbo linafura. Hofu kwamba kisu hueneza saratani isimzuie mzazi kukubali kipimo. Kinachomdhuru mtoto ni kuchelewa. Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza majibu yatatoka lini, na uache nambari ya simu inayopatikana.