Noti za Nchi Nyingine Zilizozeeka: Yatupasa Kuzifanyeje?

Mara kwa mara twaletewa noti za nchi nyingine zilizokaa siku nyingi masandukuni, pamoja na swali moja: "Je, hizi ni fedha au si fedha?" Leo twataka kulieleza jambo hili, ili mtu asitupe mali yake akidhani ni takataka, wala asitunze takataka akidhani ni mali.

Kwanza yafaa kujua noti ni kitu gani. Rupia ya zamani ilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Hata serikali iliyoitoa ilipoondoka, sonara aliweza kuiyeyusha akafua kikuku. Noti sivyo ilivyo. Noti ni karatasi iliyobeba ahadi ya benki kuu ya nchi yake. Ahadi ikidumu, noti ni mali. Ahadi ikikoma, yabaki karatasi. Basi noti za kigeni zilizozeeka ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni zile ambazo kwao bado ni halali, ila thamani yake ni ndogo. Maduka ya kubadili fedha mara nyingi huzikataa, maana kazi ya kuzihesabu na kuzirudisha kwao huzidi faida. Usifunge safari ya mjini kwa ajili ya noti hizo, nauli itazimeza. Mpe msafiri aendaye nchi ile, naye akupe fedha za hapa kwa kadiri mtakavyopatana.

Namna ya pili ni zile zilizoondolewa sokoni, lakini benki iliyozitoa ingali yazilipa. Benki Kuu ya Uingereza hulipa noti zake zote za zamani bila kuweka mwisho. Kadhalika Benki Kuu ya Ujerumani hupokea Mark zilizotumika kabla ya Euro, na kwa kila Mark 1.95583 hutoa Euro 1. Lakini sharti zifike kwao, na mwenye noti moja ndogo aweza kuona gharama ya posta imezidi malipo.

Namna ya tatu ni zile zilizokufa kabisa. Faranga za Ufaransa zilikoma kupokelewa Februari 17, 2012. Katika Zaire, mwaka 1993, zaire milioni 3 za zamani zilihesabiwa kuwa zaire mpya 1 tu. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Aliyeficha kikapu kizima cha noti zile leo hapati hata bei ya chumvi.

Wala msidhani mambo haya ni ya mbali. Mzee mmoja wa mpakani alituletea kopo la bati lenye noti sitini za Kenya za shilingi 1,000, bei ya mafahali aliowauza ng'ambo. Alizitunza apate kuezeka nyumba yake. Lakini Juni 1, 2019 Kenya ilikuwa imetangaza noti mpya, na zile kubwa za zamani hazikupokelewa tena tangu Oktoba 1 mwaka ule. Benki kuu za Tanzania na Uganda nazo ziliacha kuzibadili. Mzee alikuja kwetu mwaka uliofuata. Akauliza, "Wanangu, karatasi hizi zimekosa nini?" Hazikukosa kitu, ila habari haikumfikia, wala hakuna aliyemsomea. Akazikunja, akazirudisha koponi.

Kwa hiyo twashauri haya:

1. Soma jina la benki na mwaka juu ya noti, kisha uulize benki, si mpita njia.

2. Usizifue, usizipige pasi, wala usizigundishe kwa gundi. Noti iliyoharibiwa huweza kukataliwa.

3. Usidanganywe na wingi wa sifuri. Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100, na mwaka 2015 benki yao ililipa kila moja kwa senti 40 za Marekani.

4. Mtu akisema atakununulia noti zilizokufa kwa bei kubwa, ila utangulize ada, huyo ni mwizi.

5. Fedha za kigeni za akiba zibadilishwe mapema.

Zilizokufa nazo zina kazi. Walimu wazipeleke darasani, watoto wasome hesabu na habari za nchi. Wako pia wakusanyaji wanaozinunua, lakini hutazama uchache na usafi, si uzee peke yake. Noti za rupia ambazo Wadachi walizichapa hapa katika vita, miaka 1915 hadi 1917, meli za Kiingereza zilipoifunga pwani, zina umri wa miaka zaidi ya mia. Hata hivyo zile ndogo zilizochapwa kwa wingi hazina bei kubwa.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walisema kweli juu ya nafaka na mifugo. Akiba ya karatasi huoza kwa tangazo moja. Basi ninyi mjuao kusoma, mkisikia tangazo la fedha, lisomeni kwa sauti barazani na sokoni, limfikie na yule mwenye kopo chini ya kitanda.