Kinachomwangusha Kulungu

Msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia huko Marekani, mjadala kwenye maduka ya bunduki huwa ni ule ule: risasi ipi ina nguvu zaidi? Wapo wanaoapa kwa .30-06, iliyobuniwa mwaka 1906 kwa ajili ya jeshi. Wengine hutaka .270 ya mwaka 1925, au .308 ya 1952, au .243 ya 1955. Vijana siku hizi huulizia 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007. Ni mjadala mtamu, lakini unaanzia mahali pasipo, na anayeumia ni mnyama.

Tuanze na hesabu zenyewe. Kichwa cha risasi ya .30-06 chenye uzito wa gramu 9.7 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 885 hivi kwa sekunde, kikiwa na nishati ya takriban jouli 3,800. Cha .243, chenye gramu 6.5, hukaribia mita 900 kwa sekunde na kubeba jouli 2,600. Kwenye karatasi mshindi anajulikana. Porini, kulungu haangushwi na jouli. Huanguka pale damu inapokoma kufika kwenye ubongo.

Aliyelifafanua jambo hili vizuri ni Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani. Katika miaka ya 1980, kwenye maabara yake mjini San Francisco, alikuwa akifyatua risasi ndani ya vipande vya jelatini ya asilimia 10 iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, ambayo huipokea risasi karibu kama msuli unavyoipokea. Risasi huacha tundu la kudumu, yaani nyama iliyopondwa njiani, na kwa muda mfupi mno husukuma nyama ya pembeni na kufungua uwazi mpana ambao hujifumba tena. Mapafu hunyumbuka na kustahimili msukumo huo, ini hupasuka. Fackler alisisitiza kwamba risasi mbili zenye nishati sawa zinaweza kuacha majeraha yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu mengi hutegemea jinsi kichwa cha risasi kilivyoundwa.

Kwa kulungu, kichwa kinachofaa ni kile ambacho ncha yake huchanua kama uyoga hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake, kisha kikaendelea na safari mpaka upande wa pili. Kikichanua mapema mno, humeguka begani bila kufika kwenye mapafu. Kisipochanua kabisa, hupita na kuacha tundu jembamba, naye mnyama hutokomea msituni. Hata kulungu aliyepigwa barabara moyoni anaweza kukimbia mita 50 au 100, kwa sababu ubongo wake bado una oksijeni ya sekunde kadhaa. Mwindaji asikate tamaa akadhani amekosa. Ana wajibu wa kufuata damu.

Moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe hujaza duara la sentimita 20 hadi 25 tu. Kwa umbali wa mita 200, risasi ya .30-06 na ile ya .243 husafiri kwa takriban robo ya sekunde, na katika muda huo kani ya mvutano huzishusha zote karibu sentimita 30 chini ya mstari wa mtutu. Uzito wa kichwa haubadilishi hilo. Tofauti kubwa iko begani kwa mpigaji: katika bunduki zenye uzito mmoja, teke la .30-06 ni karibu mara mbili ya lile la .243. Anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, risasi ikatua tumboni, na kulungu akafa baada ya saa nyingi za mateso. Ndiyo maana anayeanza ningemshauri achukue .243 au 6.5 Creedmoor bila kuona haya. Hata sheria ya Uskoti, inayodai kasi ya futi 2,450 kwa sekunde na kichwa cha angalau gramu 5.2 kwa kulungu wakubwa, inairuhusu .243.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwamba shabaha hushinda ukubwa wa risasi, ingawa ni wa kusikitisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi akiwa Karamoja, Uganda. Alipenda kutumia risasi ndogo ya Mauser ya milimita 7, na alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo hasa. Vichwa vyake vilikuwa vigumu, visivyochanua, ili vipenye mfupa. Kwa kulungu vingekuwa chaguo baya.

Limebaki suala la madini yanayounda kichwa cha risasi, nalo naliona zito kuliko kipenyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza kulungu 30 waliouawa kwa risasi za kawaida zenye kiini cha madini ya risasi. Eksirei zilionyesha chembe za metali zimetapakaa ndani ya mizoga, na nyama ya kusaga ya asilimia 80 ya kulungu hao ilikutwa na chembe hizo. Madini hayo ni sumu, na nguruwe waliolishwa nyama hiyo walipandwa na kiwango chake kwenye damu. Matumbo yanayoachwa porini huliwa na ndege. Kondori wa California, ambao mwaka 1982 walibaki 22 tu, wamekuwa wakifa kwa sumu hiyo. Tangu Julai 1, 2019, California imepiga marufuku risasi za aina hiyo katika uwindaji wote.

Mbadala wake ni shaba, ambayo haimeguki ovyo. Lakini shaba ni ngumu, na kwa kawaida huhitaji kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde ili ichanue vizuri. Risasi kongwe ya .30-30, ya mwaka 1895, hutoka na mita 730 kwa sekunde na kufikia mita 200 ikiwa imeshuka chini ya 500. Kwa umbali huo huo .243 bado ina zaidi ya 700. Anayehamia shaba achague kichwa chepesi kidogo kuliko alichozoea, kisha airekebishe darubini ya bunduki upya kwenye shabaha ya karatasi kabla ya msimu, kwa kuwa risasi mpya haitatua pale ilipotua ya zamani.