Kiuno kinauma mpakani: Kabla hujamlipa mkandaji, jua haya

Kabla jua halijachomoza, wafanyabiashara wadogo huwa wameshafika kwenye vituo vya mpakani vya Busia, Namanga na Rusumo. Mmoja ana robota la mitumba begani, mwingine amejitwika ndizi, mwingine anasukuma mkokoteni. Kule Goma, mizigo mizito husafiri kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli. Ikifika jioni, si wachache wanaorudi nyumbani wameshika kiuno.

Kwa watu hawa, maumivu ya kiuno ni suala la afya na la mtaji pia. Siku moja ya kulala ni siku moja bila mauzo, na mtaji mdogo hauvumilii siku nyingi za namna hiyo. Ndiyo maana sokoni hakukosekani wauza mikanda ya kiuno, wauza vidonge na wakandaji. Swali ni hili: fedha kidogo iliyopo iende wapi?

Tatizo la mamilioni

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na idadi hiyo inakadiriwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu.

Katika kila wagonjwa 10, karibu tisa hawana ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Hiyo haina maana kwamba wanajisingizia. Maana yake ni kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala uvimbe. Misuli, viungo na mishipa ya fahamu vimechokozwa, na kukosa usingizi, msongo wa mawazo na hofu ya kuinama huzidisha maumivu. Kwa wagonjwa wa namna hii, kukimbilia kupiga picha ya mgongo mara nyingi hakusaidii, kwa sababu hata watu wasio na maumivu huonekana na diski zilizochakaa.

Mikono inafanya nini?

Tiba ya mikono ina sura tatu. Ya kwanza ni kukanda au kuchua misuli. Ya pili ni kuchezesha viungo vya uti wa mgongo taratibu, kwa kurudiarudia. Ya tatu ni msukumo mfupi wa ghafla unaotoa mlio.

Wengi huamini mlio huo ni mfupa unaorudi mahali pake. Sivyo. Unatokana na gesi iliyo katika ute wa kiungo. Pingili za mgongo hazikuwa zimehama, na mlio wenyewe si kipimo cha kupona. Nafuu huja kwa sababu misuli hulegea na mishipa ya fahamu hupunguza ukali wa maumivu kwa muda.

Nafuu hiyo ni ya kweli, ila ina mipaka. Uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 9,000, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza, ulionyesha kuwa tiba ya kusukuma na kuchezesha uti wa mgongo inafanya kazi sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, yakiwemo mazoezi. Haikuzishinda.

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, WHO inakubali kukanda na kusukuma uti wa mgongo, huku ikikiri kwamba ushahidi wake bado ni dhaifu. Inashauri viende pamoja na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Anayelala kitandani akandwe kila wiki, kisha arudi kubeba mzigo vilevile bila zoezi lolote, ananunua nafuu ya siku chache kila mara.

Usipoteze fedha hapa

Mwongozo huo huo haushauri mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo wala dawa kali za jamii ya afyuni, ikiwemo tramadol. Dawa kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kusaidia, lakini zikimezwa kiholela kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu.

Wapo pia wanaomwambia mtoto awakanyage mgongoni. Uzito huo hauna kipimo, na kwa mzee mwenye mifupa dhaifu unaweza kuvunja pingili.

Dalili za kwenda hospitali

Usikubali kukandwa ikiwa umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, umekufa ganzi sehemu za siri, au mguu unaishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Muone daktari mapema pia ikiwa maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka, yanaambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, au umewahi kuugua saratani. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia uti wa mgongo.

Kumpata mtaalamu

Wataalamu wa fiziotherapia wanapatikana katika hospitali nyingi kubwa za kanda hii. Upande wa Kongo huitwa "kine". Kenya na Rwanda zina mabaraza yanayowasajili, na Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa waganga wa jadi. Omba kuona cheti cha usajili. Ukivuka mpaka kutibiwa, uliza bei kwanza, kwa kuwa kadi ya bima ya nchi yako huenda isipokelewe.

Mtaalamu mzuri hukuuliza maswali kabla ya kukugusa, hukufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani na hukupa tarehe ya kupima maendeleo. Anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja, au anayedai malipo ya vikao 20 kwa mkupuo, mkimbie.

Mgongo unaouma hauhitaji kulazwa wiki nzima. Endelea kutembea na kufanya kazi kwa kadiri unavyoweza. Gawa robota mara mbili, shusha mzigo upumzike kwenye foleni, na ongeza uzito kidogo kidogo maumivu yakipungua.

Baada ya vikao vinne au vitano, jiulize kama unalala vizuri zaidi, unatembea mbali zaidi na unabeba kwa urahisi zaidi. Kama jibu ni hapana, mwambie mtaalamu abadili tiba au akupeleke kwa daktari.