Chumba kilichojaa oili chafu

Oili chafu haina heshima gerejini. Ikishatolewa kwenye injini inaingia dumuni, na kutoka hapo inakwenda kupakwa mbao za kenchi na nguzo za uzio ili mchwa wasizitafune. Mwaka 1987 mchongaji wa Uingereza, Richard Wilson, aliijaza kwenye chumba kizima cha Matt's Gallery, jijini London, na hadi leo sijui kazi nyingine inayochezea macho ya mtu kwa gharama ndogo ya vifaa kuliko hiyo. Aliiita 20:50, kwa kiwango cha uzito wa oili ya injini ambacho kila fundi anakijua.

Mgeni anaingia kwa njia nyembamba yenye kuta za chuma zinazomfika kiunoni. Kadiri anavyosonga mbele njia inazidi kubana, mpaka mwishoni ina nafasi ya mtu mmoja tu. Kushoto, kulia na mbele yake, usawa wa kiuno, oili imetandazwa toka ukuta hadi ukuta. Lakini yeye haioni. Anachoona ni dari, madirisha na taa, vyote vikiwa chini yake, wazi kabisa, kana kwamba sakafu imeondolewa na amebaki amening'inia katikati ya chumba chenye urefu maradufu. Wapo wanaouliza oili yenyewe iko wapi huku imewazunguka. Kinachowajibu ni pua, maana harufu ya gereji haifichiki.

Siri yake ni ya fizikia ya kawaida. Maji maangavu hupitisha mwanga hadi chini, hivyo kisimani unaona sura yako pamoja na mawe ya chini, kimoja kikikivuruga kingine. Oili iliyokwisha kutumika imejaa masizi ya injini. Mwanga unaozama ndani yake haurudi tena. Unaorudi ni ule uliogonga juu peke yake, na kwa kuwa uso huo hauna kiwimbi, picha inatoka safi. Halafu kadiri unavyotazama kwa mshazari ndivyo mwanga mwingi zaidi unavyorudi. Karibu na tumbo lako oili ni nyeusi tii. Kwenye ukuta wa mbali imekwisha kuwa kioo.

Hayo yote unaweza kuelezwa mlangoni kabla hujaingia, na bado magoti yatasita. Hapo ndipo sanaa ya aina hii inapoachana na mazingaombwe ya jukwaani. Mchezo wa mazingaombwe ukishajua siri yake umekwisha. Hapa unajua siri na jicho linakataa kukusikiliza. Msanii Olafur Eliasson alilithibitisha hilo mwaka 2003 pale Tate Modern, alipotundika jua katika ukumbi mkubwa wa jumba hilo. Lilikuwa nusu duara iliyowashwa taa za rangi moja ya njano, na vioo vya darini viliikamilisha nusu ya pili. Aliyepanda ghorofa za juu aliweza kuona jinsi lilivyoundwa. Bado watu walishuka, wakalala sakafuni na kuzipungia mkono sura zao huko darini. Leandro Erlich wa Argentina naye hafichi kitu. Bwawa lake la kuogelea, lililopo kwenye jumba la makumbusho la Kanazawa, Japani, tangu 2004, ni tabaka jembamba la maji juu ya kioo, na mgeni anashuka chini yake akiwa amevaa viatu, akawa yeye ndiye kiini macho cha walio juu.

Lipo la kuhofia pia. Msanii Anish Kapoor ana kazi ya mwaka 1992 ambayo ni shimo la kweli sakafuni, limepakwa rangi nyeusi mno hata likaonekana kama duara bapa lililochorwa. Mwezi Agosti 2018, katika jumba la Serralves, mjini Porto, Ureno, mgeni mmoja alitumbukia humo, kina cha mita 2.5, akapelekwa hospitali. Matangazo ya tahadhari yalikuwapo. Mimi simlaumu. Ukitumia ustadi wako wote kumwaminisha mtu kwamba hakuna shimo, kibao cha tahadhari hakiwezi kushindana nawe. Wilson alikuwa mwangalifu zaidi: zile kuta za kiunoni ndizo zinazomzuia mgeni asiikanyage oili, na hizohizo ndizo zinazomweka kwenye kimo kinachoufanya uongo uingie.

Siku hizi kuna kumbi za kulipia ambazo kuta zake zimechorwa papa na maporomoko, usimame kwenye alama, upigwe picha, uondoke. Watoto wanazipenda, na sioni ubaya wake, ila kule anayedanganywa ni kamera. Wewe mwenyewe umesimama mbele ya ukuta na unajua hivyo. Kazi ya Wilson ni kinyume chake. Ilipoonyeshwa tena Hayward Gallery, London, mwaka 2018, bado ilikuwa vigumu kuipiga picha ya maana: picha haina harufu, na ukiigeuza juu chini inabaki karibu vilevile. Ukijaribu, ushike simu kwa mikono miwili. Ikikuponyoka utaiona inaanguka kuelekea darini.